Kalipa Niliyoitupa Kwenye Pipa la Vyuma Chakavu

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili. Nina mke, nina nyumba ya matofali hapa Kitale upande wa Matisi, na nina mashine mbili za kukereza chuma ambazo nilizipata kwa jasho langu mwenyewe. Sisemi haya kwa kujigamba... ingawa wanaonijua watacheka wakifika hapo. Nataka tu mjue ni mtu wa namna gani anayewaandikia.

Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kazi na nyundo moja na kipande cha reli, chini ya mabati manne. Hakuna aliyenishika mkono. Leo ukisimama barabarani uulize Injinia yuko wapi, hata muuza mahindi ya kuchoma atakuonyesha. Injinia ni mimi! Cheti sina hata kimoja, lakini vinu vya posho kutoka Kitale mpaka Bungoma vinazunguka kwa shafti, mihimili ya chuma iliyotoka kwenye mikono hii.

Lakini nimechoka, wasomaji wenzangu. Si mwili uliochoka, mwili bado ni chuma. Nimechoka kubeba kitu kimoja ambacho nilikificha miaka na miaka, na siku kilipotaka kutoka, nilikitupa kwenye shingo ya mtu mwingine. Mtu ambaye hakunikosea lolote. Je, kuna uchovu kama huo?

Kitu chenyewe ni hiki: Injinia hakujua kusoma kalipa!

Kwa wasiojua, kalipa ni kile kipimo cha chuma chenye midomo miwili. Unabana chuma katikati ya midomo, halafu unasoma mistari. Mistari yenyewe ni midogo kama miguu ya siafu, na iko safu mbili. Unasoma ya juu, unatafuta wa chini uliolingana na wa juu, unajumlisha. Fundi wa kukereza asiyejua kalipa ni kama mpishi asiyejua chumvi. Nambari kubwa kubwa nazijua, za simu, za nyumba. Lakini hiyo mistari... nilikuwa nikiitazama naona inatembea.

Sasa niliwezaje kuwa Injinia? Kwa sababu ya Nyongesa.

Nyongesa ni mtu wa Tongaren. Kwetu Bukusu wanaume waliotahiriwa msimu mmoja huitana bakoki, na Nyongesa ni bakoki wangu wa karibu kuliko wote. Tulipakwa matope ya mto mmoja asubuhi moja, tukasimama bega kwa bega mbele ya umati, kisu kikapita kwake kikaja kwangu, na hakuna aliyepepesa jicho. Mtu wa namna hiyo si rafiki tu. Anaweza kukutukana mbele ya mkeo ukacheka. Na aibu yako ni aibu yake.

Yeye alisoma mpaka akamaliza sekondari. Nilipopata mashine ya kwanza nilimwita, akaja. Wiki ile ya kwanza niliweka shafti kwenye mashine, nikaibana na kalipa, nikaitazama... nikaitazama... jasho likanitoka. Halafu nikamnyooshea Nyongesa nikamwambia, "Soma. Mimi mikono yangu iko na grisi."

Grisi na macho wapi na wapi? Lakini alichukua, akasoma, akanirudishia. Hakuuliza.

Tulifanya kazi hivyo miaka kumi na miwili! Mimi nabana, yeye anasoma. "Soma, mikono yangu iko na grisi." Wateja walidhani ni mtindo wa wakubwa, kama daktari anavyomwambia nesi andika. Na mimi nilianza kuamini hivyo hivyo. Hata siku nilizokuwa nimetoka kunawa nilisema mikono iko na grisi. Nyongesa alisoma tu.

Sasa sikilizeni jinsi shetani alivyoingia.

Siku moja niliingia duka moja la vyuma mjini Kitale kununua misumeno. Muuzaji akanitolea kalipa ya betri kutoka kwenye boksi lenye sponji. Ina kioo kama cha simu. Unabana, nambari inatokea: arobaini, nukta, sifuri sifuri. Niliibana kwenye kidole changu, nambari ikatokea, na mimi nikaisoma! Mimi mwenyewe! Mtu mzima, machozi yalitaka kunitoka mbele ya muuza misumari. Miaka kumi na miwili ya "soma, soma"... na hapa kioo kinanisomea bila kunijua.

Niliichukua bila hata kubishana bei. Tangu siku hiyo ilikaa kwenye mfuko wa kifua, kichwa chake kikichungulia ili kila mtu akione.

Nyongesa aliiangalia, akaigeuza, akanirudishia.

"Ni nzuri, bakoki," aliniambia. "Lakini hii ni ya mezani. Ya mtu anapima kwa kitambaa cheupe. Sisi hapa tunashinda kwa matope."

"Wivu ni mbaya," nikamjibu. Watu wakacheka.

"Si wivu bana. Kazi chafu inataka kalipa ya bei ya chini, ya chuma tupu. Haina betri, haina kioo. Ikianguka kwa maji ya mashine, unapanguza na suruali, unaendelea. Hiyo yako siku moja itakunywa maji, na haitakuambia kama imekunywa."

Nilisikia maneno? Mimi? Nilikuwa nimeonja uhuru, na mtu aliyeonja uhuru hasikii. Nilikuwa nikimwona Nyongesa kama mtu anayetaka nirudi kumwomba asome.

Nikaanza kumdharau. Polepole. Zamani tulikunywa chai kwenye benchi moja, sasa nikaleta kiti changu cha plastiki. Mteja akija nampigia kelele, "Nyongesa, toa chuma!" kana kwamba nimemwokota jana. Yeye akawa ananitazama tu.

Kisha Jumatatu moja alirudi kutoka Bungoma, kutoka kwa wale wanaotandaza vyombo vya mtumba chini sokoni. Alikuwa na kitu amekifunga kwa kitambaa. Akanijia karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Bakoki, niko na kitu nataka nikuonyeshe. Lakini tukiwa wawili."

Karakana ilikuwa imejaa. Wateja watano au sita, na wale mafundi wa kuchomelea wa jirani. Nami nilikuwa kwenye kilele cha kujiona. Nikampokonya kile kitambaa, nikakifungua mbele ya wote. Ilikuwa kalipa ya chuma tupu, imezeeka, ina kutu kidogo kwenye kona.

Nikaiinua juu kama panya aliyeshikwa mkia. "Oneni jameni! Bakoki wangu ameniletea kalipa ya watoto wa shule! Mimi Injinia nirudi darasani?"

Walicheka. Nyongesa alinyoosha mkono, akasema, "Igeuze kwanza. Angalia nyuma yake..."

Sikuigeuza. Niliifunga kwa kitambaa chake, nikairusha kwenye pipa la vyuma chakavu. Ikalia kengele moja... nge! Mlio huo nausikia mpaka leo.

Nyongesa alirudi kwenye mashine yake akaendelea kukereza. Lo, laiti ningeigeuza!

Baada ya majuma machache akaja Bi Zuhura. Huyu ni mama Mwislamu, mfanyabiashara anayeheshimika Bungoma, mwenye kinu cha posho kule Kibabii. Shafti ya kinu chake ilikuwa imekwisha. Alisema mapema, "Injinia, nimeambiwa wewe ndiwe wa kuaminiwa. Nina watu wanategemea unga wangu."

"Mama, umefika kwa mwenyewe," nikamwambia. "Kazi hii nitaifanya kwa mkono wangu."

Na kweli niliifanya kwa mkono wangu. Ilikuwa siku ya kazi chafu kupita kiasi. Maji ya kupoza chuma yalikuwa yakiruka, vumbi la chuma limeganda na grisi kila mahali. Kalipa yangu ya kioo nilikuwa naitoa mfukoni, nabana, narudisha, nabana tena. Midomo yake ilikuwa imeshika uchafu kama midomo ya mtoto aliyekula ugali kwa sukuma. Kuipanguza sikuona haja. Kwani kioo si kinaonyesha nambari?

Nataka mwelewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapoangukia. Uchafu ukikaa kwenye midomo ya kalipa, unapima chuma pamoja na uchafu. Kipimo kinakuwa kikubwa kuliko ukweli. Wewe unadhani chuma bado ni kinene, unaendelea kukata... unaendelea kukata... Na maji yakiwa yameingia kwenye kioo, nambari inaruka huku na huku, mpaka itulie pale unapopenda. Yangu ilitulia kwenye arobaini kamili. Nikaibusu.

Nyongesa alikuja akasimama nyuma yangu. "Niangalie?" akauliza.

"Siku hizi najisomea."

Nikachukua beringi, ile pete ya chuma yenye gololi, nikaivisha kwenye shafti. Ikaingia yenyewe, bila hata kugongwa.

Nyongesa akaguna. "Bakoki, beringi haivaliwi kama kofia. Inapigwa ndiyo ikae."

"Hiyo ndiyo kazi safi!" nikamwambia. "Umezoea kazi ya nyundo."

Lakini moyoni nilijua. Fundi anajua. Beringi ikicheza kwenye shafti, hiyo shafti ni ya kutupwa. Ningefanya nini, niseme kioo changu kimenidanganya? Nikangoja Nyongesa aende kula, nikachukua panchi, kile chuma cha ncha kali, na nyundo, nikaitoboa shafti vidoti vidoti kuzunguka, ili chuma kivimbe, beringi ishike. Mafundi wa jua kali mnaijua hiyo dawa. Ni dawa ya kumpaka maiti poda! Bi Zuhura akaja na fundi wake wa kufunga, wakaichukua, wakaenda.

Haikumaliza siku nne.

Kule Kibabii jirani ya Bi Zuhura alikuwa amefiwa. Magunia mawili ya mahindi yakaletwa kusagwa unga wa ugali wa watu wa matanga. Kinu kikiwa katikati ya kazi, beringi ikazunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo. Ikala ile shafti, ikajila yenyewe, ikapasuka. Unga ulitoka una rangi ya jivu, una vipande vya chuma ndani. Namshukuru Mungu mtoto wa kushika gunia alikuwa ameenda kuita mwenzake, kwa sababu puli, gurudumu la mkanda, iliruka ikapasua mlango. Unga wote ulimwagwa. Waombolezaji walikaa na njaa mpaka jioni, na jina la Bi Zuhura likasemwa kaburini badala ya jina la marehemu.

Kesho yake asubuhi alifika kwangu. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilinitisha. Alivua viatu vilivyokuwa na matope, akaingia, akaiweka ile shafti juu ya meza mbele ya watu wote. Wateja walikuwapo. Wale wa kuchomelea walizima mashine zao wakasogea.

"Injinia," akasema, "sikuja kugombana. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alipima hii?"

Wasomaji wenzangu... swali ni fupi hivyo. Nani alipima hii?

Ningesema mimi, wangeuliza nilipima na nini. Wangeichukua kalipa yangu, wangeniambia pima tena tuone. Wangeleta ya mistari wakaniambia hakikisha na hii. Na mistari ingeanza kutembea mbele ya umati... Niliona jina la Injinia likianguka mbele yangu, na chini yake mvulana wa darasa la nne amesimama na kaptura iliyoraruka.

Nikanyoosha kidole.

"Ni Nyongesa," nikasema. "Kazi ya kusoma vipimo hapa ni yake. Kila mtu anajua."

Na kweli kila mtu alijua! Si walikuwa wakimsikia miaka kumi na miwili akisoma? Uongo wangu ulikuwa umevaa nguo za ukweli.

Bi Zuhura akamgeukia. "Baba, ni wewe?"

Nyongesa alikuwa ameshika kitambaa, anapangusa mikono. Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, la, ningependa ingekuwa hasira. Alinitazama kama ananingoja. Kama asubuhi ile ya mtoni, tulipokuwa tumesimama na matope yakitukauka mwilini, na kila mmoja anamwangalia mwenzake aone kama atatikisika.

Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema, yamwokoe: "Hajui kusoma." Basi! Yangetosha.

Akasema, "Kama bakoki wangu amesema ni mimi, basi ni mimi, mama. Nisamehe."

Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. Akaikunja vizuri mikono ya shati. Akapita katikati ya watu. Mmoja wa wale wachomeleaji akamtupia neno, "Mzee, macho yamezeeka, rudi ulime!" Wengine wakacheka. Mimi nilicheka pia. Ndiyo, niliunga mkono kicheko... Andikeni hilo mahali.

Nilimtengenezea Bi Zuhura shafti nyingine kwa fundi mwingine wa mjini, nikamsimamia. Nikadhani yamekwisha.

Wapi! Ndiyo yalikuwa yanaanza.

Bila Nyongesa nilibaki mimi na kioo. Bushi ya trekta ikarudi, haiingii. Puli ya mashine ya kukata majani ikarudi, inayumba kama mlevi. Fundi niliyemwajiri aliponiuliza vipimo nilimwambia soma mwenyewe, akanitazama vibaya, akahama baada ya mwezi. Kalipa yangu ikaanza kuonyesha nambari usiku na mchana hata ikiwa imefungwa, halafu siku moja ikawa nyeusi kabisa. Nikanunua nyingine. Nayo ikanywa maji. Wale wachomeleaji, wepesi wa majina kuliko wa kazi, wakaacha kuniita Injinia. Wakaniita Kofia, kwa sababu beringi za kazi zangu zilikuwa zikivaliwa tu kama kofia. "Niaje, Kofia! Leo umevisha nani?"

Nikawa sili. Mke wangu, Nekesa, akanivumilia wee, mwishowe akasema. Tulikuwa jikoni, anachambua kunde.

"Mtu amekusomea miaka yote hiyo," akasema, "na wewe ukamfukuza kwa sababu ya kioo."

Nikashtuka. "Amenisomea nini?"

"Baba Naomi, mimi nimejua tangu mwaka wa kwanza. Unadhani ukipewa barua za shule unasema macho yanauma, mimi naamini? Hata kuku wa hapa wanajua." Hakucheka. "Nyongesa alikuwa akipita hapa kunisalimia. Hakuwahi kulisema hata kwangu. Nilikuwa nangoja aliseme. Hakusema."

Niliondoka pale jikoni kama mtu aliyemwagiwa maji.

Sasa turudi pale pipani. Alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Akapindua pipa langu, akawa anapanga vyuma. Akaokota kitambaa kilichoganda mafuta, akakifungua. "Mzee, hii pia ni skrapu? Mbona kama ni nzima?"

Nikaichukua. Nikaipangusa na suruali. Na kwa mara ya kwanza... nikaigeuza.

Nyuma yake, mahali ambapo mteja aliyesimama mbele yako hawezi kuona, kulikuwa na mikwaruzo myembamba imechorwa kwa ncha ya sindano. Kando ya kila mkwaruzo, vidoti vya panchi. Kidoti kimoja. Viwili. Vitatu. Mpaka vitano. Nilivuta mdomo wa kalipa mpaka ukingo ukalala juu ya vidoti vitano, nikaingiza ile midomo midogo ya juu kwenye tundu la beringi ya arobaini. Ikakaa sawasawa. Nikajaribu vidoti vinne, beringi ya thelathini na tano. Sawasawa.

Mnaelewa alichokifanya? Saizi zote za beringi tunazotumia, alinichorea. Nisisome. Nihesabu vidoti tu, kama mtu anayehesabu vidole vyake. Na akavificha nyuma, ili nikiwa mbele ya watu nijifanye nasoma mistari ya mbele! Alikuwa amenitengenezea njia ya kuitwa Injinia mpaka kufa kwangu, bila yeye, bila betri, bila aibu. Na ndiyo maana alisema, "tukiwa wawili."

Nilikimbilia kona nikaokota ile shafti ya Bi Zuhura, nikaibana upande ambao beringi haikuula. Ukingo haukufika kwenye vidoti vitano. Ulipungua kama unene wa ukucha. Kalipa ya bei ya chini, yenye kutu, iliyolala kwenye takataka, ilisema kweli mara moja!

Nilikaa juu ya pipa lile nikalia. Mwenye mkokoteni akaacha vyuma vyake akaenda.

Siku iliyofuata nilikwenda Tongaren. Nilimkuta Nyongesa uani kwake, amepiga magoti kando ya mashine ya kupukuchua mahindi, nywele zimejaa makapi. Ndizo kazi alizokuwa amebaki nazo. Kitale hakuna aliyemtaka fundi aliyeharibu unga wa matanga.

"Karibu," akasema. "Kaa kwa gunia, viti viko kwa nyumba."

Nilitoa kalipa nikamwekea kiganjani. Akaigeuza, akaangalia vidoti.

"Kumbe iliishi," akasema.

Nikaanza kuomba msamaha. Nilisema mengi, nikalia, nikamwambia arudi, awe mshirika, jina lake liandikwe ukutani. Aliendelea kukaza nati yake mpaka nikamaliza.

"Bakoki," akasema, "siku ile tulipotahiriwa, tulisimamia wapi?"

"Uani kwenu."

"Nyuma ya nyumba?"

"Mbele ya watu."

"Sasa hii unataka tuimalizie nyuma ya nyumba, hapa kwa magunia, sisi wawili na kuku?" Akaweka spana chini. "Jina langu hukuliangushia hapa. Liokote pale uliliangusha."

Wasomaji, kisu cha tohara hakikuniogopesha kama maneno hayo.

Jumamosi nilimwita Bi Zuhura kutoka Kibabii. Nikawaita wale wachomeleaji, nikawaita wateja niliowajua. Nyongesa alikuja na shati safi, akakaa nyuma kabisa. Nikasimama kando ya mashine.

Nikasema, "Shafti ile nilipima mimi. Nyongesa hakuigusa. Nilimsingizia kwa sababu niliogopa mjue kitu. Mimi sijui kusoma kalipa. Sijawahi kujua. Miaka yote alinisomea yeye."

Halafu mmoja, "Ati nini? Kofia hajui kalipa?" na kicheko kikapasuka kule nyuma. Nilisimama. Sikupepesa jicho. Kilicheka mpaka kikachoka chenyewe.

Bi Zuhura akainuka. Hakunijibu mimi, akamwendea Nyongesa. "Baba, nimekutaja vibaya nyumba nyingi. Nitazipitia zote." Kisha akanigeukia. "Na wewe, ungeniambia hivi siku ile, nisingekuondolea heshima. Kutojua si kosa. Ulinilisha chuma, halafu ukanilisha na uongo."

Nyongesa akaja mbele polepole. Akachukua ile kalipa kutoka mkononi mwangu, akabana kipande cha shafti kilichokuwa mezani. Akaigeuza, upande wa mistari ukanielekea. Akaninyooshea.

"Soma," akasema. "Mimi mikono yangu iko na grisi."

Mikono yake ilikuwa safi kama ya mtu anayeenda kanisani.

Nikaishika. Mistari ikatembea... ikatembea... nikaingoja. Mtu akakohoa. Nikasema, "Thelathini na tano. Na mistari... mitatu."

"Minne," akasema kwa sauti ya chini, sauti ile ile ya zamani. "Polepole, bakoki."

Laiti ningeweza kuwaambia kwamba alitundua aproni yake msumarini tukaendelea. Hakurudi. Alisema amenisamehe, na najua amenisamehe, kwa sababu hunitukana kwa simu kama zamani. Lakini ana kibanda chake Tongaren sasa, na Bi Zuhura ndiye mteja wake wa kwanza. Jina lilirudi. Mtu hakurudi.

Basi nawaomba, hasa nyinyi mafundi wenzangu mliojitengeneza wenyewe kama mimi. Kwa kazi ya matope na grisi msitafute kioo. Nunueni kalipa ya chuma tupu, hata ya mtumba. Funga midomo yake, iinue kwenye jua. Ukiona mwanga umepita katikati, mrudishie mwenyewe. Ivute, isikwame wala isicheze. Pangusa midomo kila unapopima. Na kabla ya kuamini, ijaribu kwenye beringi mpya ambayo saizi yake unaijua.

Na kama kuna kitu hukijui, sema hujui, mapema, mbele ya watu, wakati bado ni kicheko cha siku moja. Usingoje mpaka ukatafute mtu wa kukibeba badala yako.

Mimi sasa najisomea, mistari na yote. Nachukua muda mrefu, lakini nafika. Nabana, nasoma, napangusa, nasoma tena. Na mara nyingine, mikono ikiwa kweli imejaa grisi, najikuta nimenyoosha kalipa kando yangu bila kutazama... na inabaki hewani pale, hakuna wa kuipokea.